Rafu ya Nne

Wiki iliyopita nilifungua mfuko wa unga wa mahindi niliokuwa nimeununua kwenye duka moja karibu na Gare du Nord, na kabla sijatia mkono nikajua. Ile harufu. Si harufu ya kuoza, la. Kilichooza kina ustaarabu wake, kinakuambia mapema ukitupe. Hii ni harufu ya unga uliokaa: uchungu, vumbi, na kitu kama kitambaa cha kuoshea vyombo kilicholala ndani ya maji. Halafu nikaziona nyuzi, zile nyuzi nyembamba wanazofuma wadudu ndani ya unga, zimenata kwenye kijiko. Niliufunga mfuko, nikauingiza ndani ya mfuko mwingine, nikashuka ngazi zote na ndala zangu hadi pipa la barabarani. Mume wangu alinicheka. Alidhani nimeona panya.

Namsamehe, yeye alilelewa na watu wanaotupa vitu. Mimi unga ule nimeula. Nimeula utoto wangu mzima, tena si kijijini wakati wa njaa, bali hapa hapa Brussels, mji ambao mkate wa moto unauzwa kila kona. Nikiandika haya mdomo unanijaa mate, na si mate ya hamu.

Kwetu tulikuwa Wamormoni. Wenyewe hawalipendi sana jina hilo, lakini ndilo watu wanalolijua, basi naliacha hivyo. Mama alifika kutoka Lubumbashi nikiwa tumboni mwake. Vijana wawili wa Kimarekani, mashati meupe na vibao vya majina vifuani, walimkuta amekaa juu ya mabegi kwenye ngazi za jengo letu nyuma ya kituo cha treni, lifti imekufa, wakayabeba mabegi hadi juu kabisa bila kumuuliza dini yake. Mama akasema watu wanaobeba kwanza ndipo wahubiri, hao wametoka kwa Mungu. Papa akasema wametoka kwenye mazoezi ya viungo. Mama akabatizwa, Papa hakubatizwa, na tangu hapo kahawa ikawa haramu nyumbani kwetu isipokuwa kwenye balkoni, ambako Papa aliinywa amesimama, hata kwenye theluji, akitupungia mkono kupitia kioo.

Nyuma yao, Lubumbashi, walikuwa wamemwacha mtoto. Yaya Bijou, dada yangu mkubwa, alibaki kwa kambo, yaani bibi yetu mzaa mama, kwa sababu makaratasi yalitosha watu wawili tu. Angefuata baada ya miezi michache. Mimi nikazaliwa, nikatambaa, nikaota meno, nikayang'oa, na Bijou alikuwa bado sauti kwenye simu. Lakini watu wote walimwita mama yangu Maman Bijou, kama ilivyo desturi yetu, jina la mama ni la mtoto wa kwanza. Mimi niliyekuwepo, niliyelala sebuleni kwenye kochi, sikuwa jina la mtu. Niliona vibaya, sikatai.

Sasa, kati ya mafundisho yote ya kanisa lile, Mama alilikamata moja kwa meno: akiba. Kila familia iweke chakula cha siku mbaya, kidogo kidogo, mpaka kitoshe muda mrefu. Kula cha zamani kwanza, jaza kipya nyuma. Fundisho lenyewe halina kasoro. Sœur Godelieve, yaani Dada Godelieve kama tulivyoitana kanisani, mama wa Kibelgiji aliyetuchukua kwa gari lake kila Jumapili, alikuwa na makopo yake kwenye stoo ya chini kwake Auderghem. Anakula, anabadilisha, na ukialikwa mezani kwake huwezi kujua kama umekula akiba. Lakini sœur Godelieve hakuwahi kuona askari wakibeba magunia ya duka zima mchana kweupe. Mama aliona. Kwa hiyo alipoambiwa weka, aliweka kama mtu anayejenga ukuta.

Papa alilalamika kila siku.

"Maman Bijou, magasin iko hapa chini, deux minutes. Juu ya nini tunakula vumbi ya mwaka yenye ilipita?"

"Weye haukuona pillage? Siku magasin itafungwa utakula nini, béton ya ukuta?"

Na sikiliza ubaya wa hesabu yenyewe. Ukiwa na chakula kingi kupita kiasi, na ukalazimika kula cha zamani kwanza, basi hutakula kitu kipya maisha yako yote. Mama alinunua unga mweupe, mzuri, unaonukia shamba, na siku hiyo hiyo ukaenda nyuma kabisa ukangoja zamu yake ya kuzeeka. Sisi tukala uliokuwa mbele. Nilipokuwa mkubwa, Mtanzania mmoja kazini aliniambia msemo wa kwao, akiba haiozi. Nilicheka hadi nikatafuta kiti. Aliyesema hivyo hakupanda ngazi zetu.

Nitawaambia ladha yake, mwenye roho nyepesi aruke aya hii. Maziwa ya unga yaliyozeeka yana rangi ya meno na yanaacha mafuta kwenye kaakaa, unalamba siku nzima hayatoki. Mafuta ya kupikia yanakuwa na ladha ya rangi ya mlango. Maharage ya zamani hayaivi. Mama aliyaweka jikoni asubuhi, tukaenda kanisani, tukarudi, na bado yalilia kwenye meno kama changarawe. Unga aliuchekecha kwenye karai, fukusi wakabaki juu ya chekeche wakitembea huku na huku, akawapiga kwenye sinki, akafungua bomba. Wengine walirudi wakipanda ukingo. Ungeona Mama alivyowatazama! Kwa upole, kama majirani waliokosea mlango. Nilikula bukari ile, ugali wetu, huku nikilipeleleza kila tonge, na kila kidoa cheusi nilikichomoa kwa ukucha. Ukisema "Maman, kuna kidudu," unajibiwa, "Nyama hiyo, meza."

Wamishonari walikuja kula kwetu, maana ni kawaida ya kanisa lile familia kuwalisha. Maskini wale vijana. Siku moja, mwenye nywele nyekundu alinyanyua tonge, akaona alichokiona, akaniona nikimwangalia. Alifumba macho. Nadhani aliomba. Kisha akameza, akamwambia Mama kwa Kifaransa chake kilichovunjika kwamba ni kitamu sana, na Mama akamwongeza. Baadaye alikaa chooni muda mrefu, na mwenzake aliimba wimbo wa dini sebuleni kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Jumapili pekee niliyoipenda ilikuwa ya kwanza ya mwezi, siku ya kufunga. Watoto wenzangu walinung'unika njaa, mimi nilifurahi, kwa kuwa hakuna kula ni hakuna kula. Siku hiyo waumini huinuka mmoja mmoja kwenda mbele kutoa ushuhuda, na vinywa vya watu waliofunga tangu jana, jamani, vina harufu. Ukumbi mdogo, madirisha yamefungwa kwa baridi, kila aliyeniinamia kunisalimu alinipulizia tumbo tupu. Hata hivyo ilikuwa nafuu. Mama alipanda mimbarini akalia, akasema kwa Kifaransa cha kuokoteza kwamba Mungu amejaza nyumba yake, kwamba hata njaa ije leo, watu wake wote watakula. Watu wakafuta machozi. Mimi niliangalia viatu vyangu, nikiwaza chakula cha jioni cha kufungulia.

Akiba yenyewe ilikaa kwenye chumba kidogo ambacho kingekuwa changu. Rafu nne, ukuta hadi ukuta. Moja ya Papa, moja ya Mama, moja yangu, kila mtu na fungu lake. Ya nne haikuguswa. Mifuko yake ilikuwa imeinama kwa uzee, makopo yamevimba matumbo, na chini yake palikuwa na vumbi la unga lililovuja, lenye nyayo ndogo ndogo. Lakini rafu ile ndiyo pekee Mama aliyoipangusa kila Jumamosi. Alipangusa kopo moja moja, akalirudisha palepale.

Sikuuliza ni ya nani, kwa sababu nilijua. Darasani kanisani tulifundishwa kwamba Yesu atarudi, na kwamba tunapaswa kuwa tayari. Nikajumlisha. Watu watatu, rafu nne. Mama anaomba mbele ya rafu ile jioni, mkono juu ya gunia. Basi ya nne ni ya Yesu. Nilimhurumia mno. Nilifikiri: anatoka mbinguni, safari yote ile, halafu Mama anampa maziwa yenye mafuta na maharage ya mawe, na kwa kuwa ni mwema atayala bila kusema neno, kama yule mishonari mwenye nywele nyekundu. Usiku nilimwombea apitie kwanza kwa sœur Godelieve.

Ukweli niliupata kupitia mdomo wangu mwenyewe. Kifaransa cha Mama hakikufika mbali, kwa hiyo mkalimani wa nyumba nilikuwa mimi. Sœur Godelieve alikuja siku moja, kopo moja la nyanya lilikuwa limepasuka kwenye rafu ya nne likachafua dari, na Mama alikuwa juu ya ngazi na ndoo. Sœur Godelieve alishika mfuko mmoja, ukamchanikia mkononi. Wadudu wakamwagika kwenye viatu vyake. Hakupiga kelele, mama wa watu. Alisema polepole, ananiangalia mimi ili nimwambie Mama, kwamba akiba lazima izunguke, kwamba hivi si chakula tena, kwamba itafaa kuitupa.

Mama alishuka ngazi.

"Mwambie, hii ni ya Bijou. Muntu hakulake fungu ya mutoto wake."

Ya Bijou! Nilitafsiri, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu, na nikiwa katikati ya sentensi nikaelewa kwamba ile sauti ya kwenye simu ilikuwa na rafu nzima, chumba changu, na jina la mama yangu. Sœur Godelieve alilengwalengwa na machozi. Akasema Bijou akifika, yeye mwenyewe atamnunulia vipya vyote. Nikatafsiri hilo pia.

"Ya mupya haiko ile nilimuwekea," Mama alisema, akarudi juu ya ngazi kusugua dari.

Nilimtetea Mama kichwani kwa muda. Nilijiambia ndivyo mama wanavyopenda. Lakini kulikuwa na tonton, yaani mjomba wa heshima, mmoja wa ghorofa ya chini, Tonton Prosper, aliyepeleka kontena Lubumbashi kila baada ya muda, na kila mara alipanda kugonga kwetu.

"Maman Bijou, niko na place mu container. Unga, lait ya unga, mafuta, leta, itafika kwa mama yako."

"Merci, tonton. Mais Bijou eko anakuya sasa hivi. Akifika akute rafu tupu?"

Hiyo "sasa hivi" ilikuwa na umri wangu. Tonton alikuna kichwa, akashuka. Na Jumapili, kwenye simu, Mama alimuuliza kambo, "Munakula?" na kambo, mwanamke mwenye fahari yake, alijibu, "Tuko bien, tuko bien," na Mama hakuuliza tena. Alikata simu akaenda kupangusa makopo.

Kambo akaugua, akafariki, na baada ya kifo chake makaratasi yaliyokuwa yamekwama yakatoka, kama kwamba ofisi zilikuwa zinamngoja yeye aondoke. Bijou akaja. Alikuwa msichana mkubwa, mrefu kuliko Mama, mifupa ya mabega imesimama chini ya koti la kuazima. Kwenye uwanja wa ndege alimwamkia Mama kwa heshima, "Bonjour maman," kama unavyomwamkia mama wa rafiki yako. Mama alimshika uso, akamwangalia, akamshika tena. Njiani hakuachia mkono wake. Nilimwona Bijou akijaribu mara moja kuuchomoa, kisha akauacha.

Mama alikuwa amepika tangu alfajiri. Sœur Godelieve alileta kuku wa kuokwa, mzima, ngozi yake inameta, na Mama alimshukuru akamfungia ndani ya friji. Kwa kuwa siku hiyo hatungekula kuku wa mtu. Aliweka mbele ya Bijou sahani ya bukari, maharage, na glasi ya maziwa, vyote kutoka rafu ya nne. Sisi wengine alitupakulia ya rafu zetu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu chakula changu ndicho kilikuwa kipya mezani.

Mama hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti cha Bijou, mikono juu ya aproni, uso wake umefunguka kiasi kwamba niliona haya kumtazama. Tulisali. Bijou alifinyanga tonge, akachovya, akatia mdomoni. Akatafuna mara moja. Macho yake yakatuzunguka sisi wote, akitafuta kama ni mchezo. Akatema kwenye kiganja.

"Maman, hii unga iko na nini? Kwa kambo hata kuku hatungeipatia."

Papa akapasuka kicheko. Alicheka hadi akakohoa, akapiga meza. "Aaa! Njo ile nilikuwa nasema! Miaka yote njo nilikuwa nasema!"

Mama hakukasirika. Alitabasamu, kama mtu aliyeshika zawadi nyuma ya mgongo, akamvuta Bijou mkono hadi chumba kile. Mimi nikafuata. Akawasha taa.

"Ona. Hii yote ni yako. Tangu siku ya kwanza yenye nilifika hapa. Shiye tulikula ya kwetu, ya kwako hakuna muntu aligusa. Sikukusahau hata siku moja, Bijou, hata siku moja."

Bijou alisimama akiangalia. Aligusa gunia la chini, lile lililoinama, kisha la juu yake, kisha makopo. Harufu ilikuwa nzito mlangoni, na nilibana pua kwa vidole viwili. Yeye hakubana. Alikuwa anasoma rafu kutoka chini kwenda juu, na nilidhani atalia, kwa sababu Mama tayari alikuwa analia.

"Mwaka yenye kambo aligonjwa," alisema, "tulikuwa tunalala njaa. Mi nilikuwa naenda kuokota mahindi chini ya camions, nafagia na mukono. Hii ilikuwa hapa?"

"Mulikuwa munasema muko bien."

"Kambo njo alikuwa anasema. Maman. Hii ilikuwa hapa?"

Mama alijifuta uso na aproni. Aliangalia rafu yake kama angeweza kuikuta tupu.

"Ilikuwa," alisema.

Bijou hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alienda jikoni, akafungua friji, akamtoa yule kuku, akasimama pale pale mlango wa friji uko wazi, akala kwa mikono miwili, wa baridi, akivunja mifupa, bila kutuangalia. Mama alirudi mezani. Alikaa kwenye kiti cha Bijou, akavuta ile sahani mbele yake, akaanza kula.

"Maman Bijou, acha," Papa alisema. Hakuwa anacheka tena. "Utagonjwa."

Aliendelea. Alikula bukari yote, alikula maharage, nilisikia yakikatika kwenye meno yake, akanywa maziwa hadi chini na kufuta mdomo. Tulimtazama wote, hakuna aliyeweza kuondoka. Fukusi mmoja alikuwa anatembea kwenye ukingo wa sahani, naye akamchukua kwa ncha ya kidole, akamla pia.

Pale ndipo kinyaa kilipohama. Kabla ya hapo nilichukizwa na wadudu, na nyuzi, na mafuta kwenye kaakaa, vitu ambavyo ukipiga mswaki vinakwisha. Siku ile nilichukizwa na mama yangu mzazi. Nasema wazi, mkinihukumu nihukumuni. Mwanamke aliyeweza kumpangusia mwanawe vumbi kila Jumamosi na hakuweza kumpa Tonton Prosper gunia moja. Najua alimpenda. Ndilo linalonitia kichefuchefu, kwamba alimpenda kweli, kwa bidii kuliko alivyonipenda mimi, na mtoto alikuwa anafagia mahindi chini ya malori.

Bijou anakaa Liège na ana watoto. Haji. Mama yuko kule kule nyuma ya kituo, amezeeka, bado anakwenda kanisani, na siku hizi rafu zake ni mbili na ni safi, sœur Godelieve alihakikisha. Jumapili ananipigia simu.

"Kuya tukule, mwanangu. Nimepika ya mupya."

Ninakwenda kila anaponiita, sijamkosea hata mara moja. Ninakwenda nikiwa nimeshiba.